Lugha moja, kibla kimoja: mbona wanauana?

SWALI: "Asalaam aleykum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Jioni tukiwasha televisheni ni Yemen, ni Syria, ni Sudan, ni Lebanon. Marehemu baba alikuwa Mhadhrami, alitwambia Waarabu ni ndugu na lugha yao moja. Sasa mbona wanachinjana? Jirani yangu mmoja asema ni ugomvi wa Sunni na Shia tangu Imamu Hussein auawe Karbala, hauna dawa. Mwingine asema ni Waingereza na Wafaransa waliochora mipaka kwa rula. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kijana wangu wa miaka 19. Tangu Ramadhani iliyopita anatazama video za masheikh nisiowajua, na sasa ameacha kumwamkia mzee muuza vitambaa wa mtaani kwetu, Mhindi wa Kishia aliyekuwa akimpa peremende tangu hajaota meno. Nikimuuliza asema, 'Hao ndio wanaoua wenzetu Syria.' Nimjibu nini? Na je, mambo hayo yanaweza kufika kwetu?"

JIBU: Wa aleykum salaam, dada yangu, na pole kwa usingizi unaokukimbia. Umeuliza maswali matatu, na naona la kijana ndilo lililokufanya ushike kalamu. Nitalifikia. Lakini siwezi kukupa la kumwambia kabla hatujaelewana ni nini hasa kinachotokea huko, maana vijana wa siku hizi ukiwajibu kwa nusu ya habari, ile nusu nyingine wanayo kwenye simu.

Nianze na maneno ya marehemu baba, Mungu amrehemu. Nchi za Kiarabu si za Waarabu peke yao, wala si za Waislamu peke yao. Wako Wakurdi Iraq na Syria, Waamazighi Aljeria na Morocco, Wanubi Misri na Sudan. Wako Wakristo waliokuwako kabla ya Uislamu kufika. Lebanon, nchi ndogo kuliko kaunti kadhaa za Kenya, inatambua kisheria madhehebu 18. Kwa hiyo tofauti zipo, tena tele. Lakini kama tofauti ndiyo inayozaa vita, basi wasio na tofauti wangeishi kwa amani, na hapo ndipo maelezo ya jirani yako wa Karbala yanapoanza kuchechemea. Wasomali ni kabila moja, lugha moja, Wasunni wa Kishafi karibu wote, na nchi yao imo katika Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1974. Dola yao ilisambaratika 1991. Walibya karibu wote ni Wasunni wa Kimaliki, nao wamepigana vilevile. Aljeria iliingia katika miaka kumi ya kuchinjana kuanzia 1992, Sunni kwa Sunni.

Na kuna Aden, mji ambao bila shaka baba yako aliutaja. Yemen ya Kusini ilikuwa nchi peke yake kuanzia 1967 hadi 1990: Waarabu, Waislamu wa Kishafi, madhehebu yaleyale ya misikiti yetu ya pwani, ambayo kwa sehemu kubwa tuliyapokea kutoka kwa masharifu na masheikh wa Hadhramaut. Ilitawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti kilichotangaza kwamba ukabila umezikwa. Tarehe 13 Januari 1986 wakuu wa chama walikutana kwa kikao cha kawaida. Rais Ali Nasser Muhammad hakutokea. Walioingia ni walinzi wake, na hawakuwa na salamu ila risasi. Makamu wake, Ali Antar, aliuawa palepale. Kwa siku kumi na kitu vifaru vilipigana mitaani na maelfu wakafa. Britannia, ile meli ya anasa ya Malkia wa Uingereza iliyokuwa ikipita bahari hiyo, ikageuzwa chombo cha kuokoa watu kutoka ufukweni. Mtu alisimamishwa akaulizwa kwao wapi. Abyan na Shabwa walihesabiwa watu wa rais; Dhale, Radfan na Yafi watu wa wapinzani wake. Hapo hapana Shia, hapana Mkristo, na mipaka ya Waingereza haikuwa na la kusema.

Ukipanda kaskazini mwa Yemen unakuta Wazaydi, ambao ni Washia, lakini kwa fiqhi wako karibu mno na Wasunni. Sana'a, Mshafi na Mzaydi wamesali safu moja vizazi kwa vizazi. Mwaka 1962 wanajeshi walimpindua imamu wa Kizaydi, vikafuata vita vilivyodumu mpaka 1970. Sasa mwulize jirani yako: nani alimpa silaha na fedha imamu yule wa Kishia? Saudia. Nani alipeleka makumi ya maelfu ya askari kumpiga? Misri ya Gamal Abdel Nasser, nchi ya Kisunni. Miaka hamsini na kitu ikapita, na mwaka 2015 Saudia ileile ikaanza kuwapiga mabomu Wahouthi, Wazaydi wa milima ileile, na dunia ikaambiwa ni vita vya Sunni na Shia. Tena Ali Abdullah Saleh, rais aliyepigana na Wahouthi duru sita kati ya 2004 na 2010, naye alizaliwa Mzaydi. Alipoondolewa madarakani akaungana nao, wakauteka mji mkuu mwaka 2014. Tarehe 4 Desemba 2017 wakamuua. Ukitafuta Karbala katika mkanda huo utachoka.

Sisemi Karbala haina uzito. Imamu Hussein aliuawa mwaka 680, na machungu ya siku ile ni ya kweli. Usiyadharau mbele ya mzee wa vitambaa. Ninachosema ni kwamba tofauti iliyokuwapo kwa zaidi ya miaka 1,300 haiwezi peke yake kueleza kwa nini watu wamepigana mwaka huu na hawakupigana mwaka ule. Jeshi la Iraq lililopambana na Iran tangu 1980 hadi 1988 lilikuwa limejaa askari wa miguu wa Kishia, wakiwapiga risasi Washia wenzao wa ng'ambo ya mpaka. Shammar na Jubur, makabila makubwa ya Iraq, yana matawi ya Kisunni na ya Kishia, na watu wake wanazikana na kuoana.

Sasa nikueleze mashine yenyewe inavyofanya kazi, na kwa hilo nitakaa Lebanon, kwa sababu kule vyuma vyake vinaonekana wazi.

Beirut kuna jengo ambalo wenyeji huliita Nyumba ya Njano. Liko eneo la Sodeco, kwenye barabara ya Damascus, ile iliyokuja kuwa mpaka kati ya Beirut ya mashariki na ya magharibi. Lilijengwa miaka ya 1920 kwa mawe ya rangi ya mchanga, na msanifu aliliachia uwazi kwenye kona, katikati ya nguzo, ili hata aliyekaa chumba cha nyuma apate mwanga na upepo na aone njia panda mbele. Vita vilipoanza, wadunguaji walikuta kazi yao imekwisha kufanywa nusu. Mtu angeweza kujificha nyuma kabisa, gizani, nyuma ya mifuko ya mchanga, na kuelekeza bunduki njia panda pasipo mtu wa barabarani kumwona. Siku hizi ni makumbusho. Nimesimama pale ndani, kwenye tundu la ukuta, nikawatazama watu wanavuka barabara na mikoba ya sokoni, na nikafikiri kwamba siasa ya nchi ile ilijengwa vivyo hivyo: na watu wenye nia ya kuishi, kwa umbo linalomfaa mdunguaji.

Umbo lenyewe ni hili. Mwaka 1932, chini ya Wafaransa, ilifanyika sensa, na ikatoa Wakristo kwa wingi mwembamba. Ndiyo sensa rasmi ya mwisho nchini humo mpaka leo. Mwaka 1943 viongozi walikubaliana kwa mdomo kwamba rais atakuwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia, na katika bunge kila Wakristo sita kwa Waislamu watano. Kazi za serikali zikagawanywa kwa hesabu ya namna hiyo. Ukitaka kuajiriwa ofisi ya umma, kitanda hospitali, au mtoto apokewe shule, unapitia kwa zaimu, kigogo wa madhehebu yako. Wenyewe huita wasta. Sisi tungesema kujuana. Ndoa, talaka na mirathi ziko mikononi mwa mahakama za madhehebu, na ndoa ya kiserikali haifungwi nchini. Mmaroni na Mshia wakipendana hupanda ndege kwenda Cyprus, wakafunga ndoa kwa msajili, wakarudi jioni. Naifahamu familia moja iliyofanya hivyo. Bibi harusi alicheka aliponiambia kwamba aliyewaunganisha ni karani wa Kigiriki asiyejua kutamka majina yao.

Unaona? Dola haikumlazimisha mtu kumchukia mwenzake. Ilimlazimisha kila mtu kuwa mtu wa madhehebu, apende asipende, kwa sababu mkate ulipita mlango huo.

Kisha hesabu ikabadilika na ugawaji ukabaki palepale. Waislamu wakaongezeka, Washia maskini wa kusini wakahamia pembezoni mwa Beirut, na kila aliyedai sensa mpya aliambiwa anataka kuvunja nchi. Walikuwapo pia wakimbizi wa Kipalestina tangu 1948; baada ya mapatano ya Cairo ya 1969 wapiganaji wao wakaruhusiwa kubeba silaha, na walipofukuzwa Jordan uongozi wao ukahamia Beirut. Jeshi la Lebanon halikuwa na nguvu ya kumzuia yeyote. Hapo hofu ikaanza kujizalisha yenyewe. Mimi nikinunua bunduki ya kulinda mlango wangu, wewe wa pili unaiona ni ya kukuvamia. Nawe ukinunua, mimi napata uthibitisho kwamba sikukosea. Wawili hawa wanaweza wasiwe na chuki kabisa. Inatosha kila mmoja aamini kwamba serikali haitakuja akipiga kelele.

Tarehe 13 Aprili 1975, katika mtaa wa Ain el-Rummaneh, watu walipigwa risasi nje ya kanisa, na baadaye siku hiyohiyo basi lililobeba Wapalestina likashambuliwa, zaidi ya ishirini wakafa. Lakini kwangu siku mbaya zaidi ni 6 Desemba mwaka uleule. Maiti za vijana wanne wa chama cha Kataeb, Wakristo, ziliokotwa. Wenzao wakaweka vizuizi barabarani na kuanza kuomba vitambulisho. Kitambulisho cha Lebanon wakati huo kiliandikwa dhehebu la mwenyewe. Aliyekuwa na neno lisilotakiwa alishushwa garini. Waliouawa siku ile wanakadiriwa kwa mamia, na upande wa pili nao ukaweka vizuizi vyake. Beirut husimuliwa kwamba pengine hawakuomba hata kitambulisho: mpiganaji alinyanyua nyanya akauliza, "Hii ni nini?" Mlebanoni husema banadura, Mpalestina husema bandora. Irabu moja. (Wakristo watakumbuka kisa cha Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, mbinu ni kongwe kuliko sisi sote.)

Hebu mfikirie daktari mmoja wa Beirut katika juma lile. Hasali, hafungi, mkewe ni wa dhehebu jingine, na vigogo wote anawadharau. Jumamosi asubuhi alikuwa Mlebanoni. Jioni yake, kile kitambulisho mfukoni kimekwisha kuamua ni barabara gani anaweza kupita na ni akina nani watamlinda. Anahamia upande wa pili wa mji, na akifika huko analindwa na vijana wenye bunduki ambao juzi aliwaona wahuni. Sasa anawahitaji. Hivyo ndivyo katikati inavyokwisha. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Januari 1976, mtaa wa Karantina ulivamiwa, wakazi wake, Waislamu maskini wengi wao, wakauawa na kufukuzwa. Siku mbili baadaye kisasi kikaangukia mji wa Wakristo wa Damour. Kutoka hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa chuki. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake.

Ungetegemea basi miaka iliyofuata iwe Mkristo kwa Mwislamu mpaka mwisho. Haikuwa. Mwaka 1976 Syria iliingia Lebanon, na iliingia kuwaokoa viongozi wa Kikristo waliokuwa wakishindwa. Mwaka 1978 wapiganaji wa Kimaroni walivamia nyumba ya Mmaroni mwenzao huko Ehden, wakamuua Tony Frangieh, mtoto wa rais mstaafu, pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Amal, chama cha Washia, kilizingira kambi za Wapalestina kuanzia 1985, kisha tangu 1988 kikapigana na Hezbollah, Washia wenzao. Na mwaka 1990 majeshi ya Michel Aoun na Samir Geagea, Wamaroni wote wawili, yalibomoana katika Beirut ya mashariki kwa mizinga. Wanamgambo walikuwa wamegeuka dola ndogondogo zenye bandari zao, ushuru wao na vizuizi vyao vya kutoza magari. Ukishazoea kukusanya ushuru, adui wako wa kwanza ni anayetaka kukusanya mtaa huohuo, na huyo kwa kawaida ni wa dini yako. Miaka 15, watu wapatao 150,000 wamekufa, na sheria ya msamaha ya 1991 ikawafungulia wengi wa makamanda mlango wa bungeni.

Jirani wa mipaka, je? Anakaribia zaidi, ila analaumu rula badala ya mkono. Mapatano ya siri ya Uingereza na Ufaransa ya 1916 hayafanani sana na ramani ya leo, na hata hivyo Afrika nzima ina mipaka ya wageni. Kilichoharibu zaidi ni namna walivyotawala ndani ya mistari hiyo. Ufaransa ilipoitwaa Syria baada ya 1920 iliikata vipande, kikiwamo cha Waalawi, jamii iliyochipuka kutoka Ushia, na cha Wadruzi, dhehebu jingine dogo, na jeshi ililoliunda lilijaa watu wa jamii ndogo. Jamii iliyodharauliwa ikaona kambi ya jeshi ndiyo ngazi. Miaka ishirini na kitu baada ya uhuru, Novemba 1970, ofisa wa Kialawi, Hafez al-Assad, alipanda mpaka juu. Wageni wa baadaye, Iran, Saudia, Israel, Uturuki, Marekani, Urusi, kila mmoja aliingia kwenye ufa uliokwisha kuwapo na kuupanua.

Iraq nitaipitia haraka. Mei 2003 Mmarekani Paul Bremer, aliyewekwa kuitawala Iraq baada ya Saddam Hussein kupinduliwa, alilivunja jeshi na kuwafukuza kazini wakuu wa chama cha Baath, mamia ya maelfu ya watu wenye mafunzo ya silaha wakabaki bila mshahara. Julai likaundwa baraza la watu 25 lililogawanywa kwa madhehebu na makabila: Washia 13, Wasunni Waarabu 5, Wakurdi 5, Mturkmeni mmoja, Mwashuri mmoja. Yaani Nyumba ya Njano ikajengwa upya Baghdad. Februari 2006 kuba la msikiti wa Samarra, mahali patakatifu pa Washia, lililipuliwa, na baada ya hapo watu wenye jina la Omar, linalomtambulisha Msunni, wakawa wananunua vitambulisho bandia. Jina tu, dada yangu, alilopewa na nyanya yake.

Syria ndiyo anayoitaja kijana wako. Ilianza Machi 2011 katika mji wa Daraa, baada ya watoto kukamatwa na kuteswa kwa kuandika ukutani dhidi ya utawala wa Bashar al-Assad, mtoto wa Hafez. Waandamanaji wa mwanzo walikuwa wakiimba kwamba watu wa Syria ni wamoja. Utawala ule uliwapiga risasi, na viongozi wake walijua fika kwamba vita vya madhehebu vingewafaa kuliko maandamano ya raia: Mwalawi akiogopa kuchinjwa, atabaki kwenye kikosi hata kama anamchukia Assad. Kwa upande wa pili, makundi yenye fedha za nje na lugha ya takfiri, ya kumwita Mwislamu mwenzako kafiri, yalipata silaha kuliko waliotaka uchaguzi. Kila upande ukampa mwenzake ushahidi aliouhitaji.

Nisije nikakufanya udhani dini ni koti tu linalovaliwa na wenye njaa ya madaraka. Kuna waliolivaa hadi mifupani. Juni 2014 wapiganaji wa Daesh, kundi lililojiita Dola ya Kiislamu, waliwachagua wanafunzi wa kijeshi wa Kishia karibu na Tikrit, wakawaua kwa mamia. Agosti wakaingia Sinjar, wakawaua wanaume wa Kiyazidi, jamii ndogo yenye dini yake, na kuwafanya wanawake watumwa. Hilo lilikuwa fundisho la imani, limeandikwa na kuhubiriwa, na mwanazuoni anayesema "ni siasa tu" anawakosea heshima waliokufa. Ninachokiona mimi ni kwamba mahubiri hayo yalikuwapo miaka mingi bila wasikilizaji wa maana, mpaka dola ilipopasuka na watu wakawa wanatafuta mlinzi.

Dawa? Zilizojaribiwa zote zina madhara. Mapatano ya Taif ya 1989 yalisimamisha mauaji Lebanon kwa kusawazisha bunge, nusu kwa nusu, na hilo si dogo. Lakini yaliwaacha vigogo walewale wakigawana nchi. Tarehe 4 Agosti 2020 tani 2,750 za kemikali zilizosahauliwa bandarini zililipuka na kuua zaidi ya watu 200, na uchunguzi ukakwamishwa mara baada ya mara kwa kuwa kila mkubwa ana wa kumkinga. Kupiga marufuku kuitaja tofauti, kama walivyofanya Baath wa Syria, kunaificha kabatini ikinona. Kugawa nchi kunasikika rahisi hadi utazame Sudan Kusini: ilijitenga Julai 2011, na Desemba 2013 ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe. Ukinilazimisha nichague, nachagua mgawanyo wa madaraka wenye tarehe ya mwisho, na kwanza kabisa polisi na mahakama ambazo mtu anaweza kuziendea bila zaimu. Hiyo ni kazi ya miaka thelathini. Sijaona njia ya mkato.

Umeuliza kama yanaweza kufika kwetu. Vita vya Sunni na Shia, sivioni, kwa sababu huku hakuna anayepata kazi au ardhi kwa kuwa Sunni au Shia. Tazama Zanzibar: masultani walikuwa Waibadhi, ambao si Sunni wala Shia, raia wengi Mashafi, mahakama ilikuwa na kadhi wa kila upande, na hapakuwa na vita kati ya wanaofunga mikono katika sala na wanaoiachia. Januari 1964 damu ilipomwagika ilifuata mstari mwingine kabisa, wa Mwarabu na Mwafrika, mwenye shamba na asiye nalo, chama hiki na kile, na karibu wote walikuwa Waislamu wanaozungumza Kiswahili. Lakini lile swali la kizuizini, "wewe wa wapi?", limekwisha kufika Afrika Mashariki zamani. Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, na 1994 kilisomwa barabarani kama kile cha Beirut. Wewe wa Kenya unakumbuka vizuizi vya mwanzo wa 2008. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967. Wapo wanaolalamikia hilo, lakini mimi nikiikumbuka Lebanon nawaelewa waliolifuta swali.

Sasa kijana. Akikwambia Washia wanaua wenzetu Syria, usimjibu kwamba ni uongo, kwa sababu si uongo mtupu. Utawala wa Assad, na Hezbollah waliokwenda kuusaidia, waliua Wasunni wengi mno, na picha alizoziona baadhi ni za kweli. Ukikana hilo umempoteza dakika ya kwanza. Likubali, kisha muulize: utawala ule ulianguka tarehe 8 Desemba 2024, je, mauaji yalikwisha? Machi 2025 kwenye pwani ya Syria waliuawa watu wapatao 1,400 kwa hesabu ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, wengi wao raia wa Kialawi waliofuatwa majumbani. Julai ikawa zamu ya Wadruzi wa Suwayda. Waliogongewa milango kule pwani waliulizwa, "Wewe Mwalawi?" Hawakuulizwa wamefanya nini. Mwache akae na hilo, usimhubirie.

Kisha muulize juu ya mzee. Hukuniambia kama ni Khoja Ithnaashari au Bohora. Ni jamaa mbili tofauti, kila moja na misikiti yake na viongozi wake, na zote mbili asili yake ni Bara Hindi, hazina udugu na Waalawi wa Syria wala amri juu yao. Nadhani kijana naye hajui, na pengine hajawahi kufikiri kwamba kuna la kujua. Ajue. Na kitambaa cha Idi mtume yeye akakinunue, usiende naye.

Usianze kwa kumnyang'anya simu. Keti umwambie akuonyeshe hizo video, mzitazame pamoja, umuulize sheikh huyu ni nani, amesoma wapi, anaishi nchi gani, na anayemlipia matangazo ni nani. Mara nyingi kijana wa miaka hiyo anachotafuta ni jambo kubwa la kushiriki, na ghadhabu kwa ajili ya wanyonge ni tabia njema iliyokosa kazi. Mtafutieni kazi ya kufanyia ghadhabu hiyo hapo hapo Mombasa.

Kuna jambo ambalo barua haiwezi kulifanya. Ukimsikia anatumia maneno kama "rafidhi" au "murtadi" (matusi ya kumtoa Mshia au Mwislamu mwingine katika dini) kwa majirani, ukaona ameuhama msikiti wa familia bila sababu, ana fedha usizojua zilikotoka, kuna mtu ambaye hamjui anayempigia usiku, au anaulizia pasipoti na safari, usingoje jibu langu jingine. Nenda mwenyewe, kwa miguu, kwa imamu mnayemwamini ambaye kijana naye anamheshimu, na umchukue mjomba wake au mzee wa mtaa. Najua wazazi wengi wa pwani wanaogopa kwenda polisi, na wana sababu zao. Yapo mashirika ya haki za binadamu yenye ofisi mjini, yana mawakili na watu waliozoea kukaa na vijana wa namna hii. Anzia huko, uende polisi ukiwa na wakili pembeni. Lakini safari ikishatajwa kwa tarehe, nenda siku hiyohiyo.